Nusu Kikombe cha Maziwa

Tarehe 4, Jumatatu. Mvua imeanza.

Leo tumelazwa. Nasema tumelazwa, ingawa mgonjwa ni mmoja, binti yangu wa mwisho, Kitinda. Mimi nalala chini kwenye mkeka, kati ya kitanda chake na ukuta unaotoka jasho. Ana uvimbe kwenye kizazi. Daktari wa upasuaji amekunja ngumi akatuonyesha: mkubwa hivi. Unamtoa damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe kama unga. Usipotolewa huo uvimbe, atatolewa yeye duniani.

Daftari amenipa yeye. "Mama, andika kila siku. Nikishalazwa kwa dawa sitajua lolote, nitakuja kusoma kwako." Nikamwambia mimi na kalamu ni kuku na kijiko. Hakucheka. Shule sikuiona hata mlango. Herufi alinifundisha yeye, alipokuwa darasa la kwanza, uani, kwa kijiti. Yeye mwalimu, mimi mwanafunzi, na nikikosea ananichapa kwa ufagio. Haya, mwalimu ameamuru. Naandika.

Tarehe 6, Jumatano. Mvua.

Kinamama hapa wanapasuliwa Jumatatu na Alhamisi. Kitinda ni wa kesho.

Kitanda cha jirani analala mgonjwa mwingine, anauguzwa na mama mkwe wake. Huyo mama mkwe nimempa jina Redio, kwa sababu hazimwi. Mchana ameniinamia sikioni, kumbe sauti yake inasikika mpaka kwenye ngazi. "Shoga, akija mtu wa usingizi akiuliza kama mgonjwa ana kiungulia, sema hana. Kuna mwenzetu alikubali anacho, akaondolewa zamu yake, akarudishwa nyumbani na vidonge. Mpaka leo hajaitwa."

Jioni akaja huyo mtu wa usingizi. Mfupi, viatu vya mpira, anatembea kama anaogopa kuamsha sakafu. Nimemwita Bwana Usingizi. Akauliza: Una meno ya bandia? Umewahi kupewa dawa ya kulala? Unapata kiungulia, ukilala chakula kinakurudia kooni?

Kitinda akafungua mdomo. Nikamwahi. "Hana. Tumbo la huyu ni la mbuzi."

Akatabasamu, akaandika. Kitinda amenikata jicho. Kiungulia anacho tangu alipokuwa na mimba ya mjukuu wangu, analalia mito miwili. Lakini tumekuja kutolewa uvimbe, hatukuja kutibiwa kiungulia.

"Kuanzia usiku wa manane asile kitu," akasema. "Maji anaweza kunywa kidogo mpaka alfajiri. Maji matupu, Bibi."

"Nimesikia. Sijawa kiziwi."

Tarehe 7, Alhamisi. Mvua.

Alifunga usiku kucha. Akavalishwa gauni la kijani, akakaa kitandani kama bibi harusi anayesubiri gari. Umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikafa. Mchana sista akaja: "Leo haiwezekani. Mpeni chakula."

Mpeni chakula! Kama anatupa hidaya.

Tarehe 9, Jumamosi.

Mvua. Damu inatoka.

Tarehe 11, Jumatatu. Mvua na upepo.

Amefunga tena. Gauni la kijani tena. Maswali yale yale ya Bwana Usingizi, majibu yale yale, la kiungulia nikalijibu mimi. Daktari wa upasuaji hakufika, barabara imekatwa na maji. Kitinda alipoinuka kwenda msalani akaanguka mikononi mwangu, mwepesi kama kapu tupu.

Nikamsubiri Bwana Usingizi koridoni, nikamvaa. "Wewe una mama?"

"Ninaye, Bibi."

"Ungemfunga njaa hivi, mtu hana damu, halafu mchana unamwambia rudi kesho?"

Akaegemea ukuta. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Bibi, dawa zangu hazilazi kichwa peke yake. Pale chakula kinapoingilia tumboni pana mlango, umekaza kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Nikimpa dawa, ile kamba inalegea. Kilichomo kinapanda. Na koo nalo limelala, halikohoi, halimezi. Kikifika juu kinateremkia kwenye mapafu. Kile kilichomo tumboni ni kikali, Bibi. Kinaunguza mapafu kama maji ya betri."

"Mbona mimi nalala kila siku nimeshiba na sijafa?"

"Usingizi wako unaacha mlinzi mlangoni. Usingizi wangu unamrudisha mlinzi nyumbani."

Maneno anayo. Nikamwambia mlinzi wa hospitali hii naye huwa yuko nyumbani, hata hivyo watu wanaingia kwa foleni. Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Mtu ambaye mtoto wake ameshiba anaweza kucheka.

Tarehe 12, Jumanne.

Uji, mayai, maini. Amekula vijiko vitatu. Vingine nimekula mimi ili visipotee, huku nalia.

Tarehe 14, Alhamisi. Mvua.

Amefunga. Wakaletwa wajawazito wawili, mmoja mtoto amelala upande. Wakapewa chumba wao. Siwezi kusema kitu, nami nimezaa. Nimesema hata hivyo.

Tarehe 16, Jumamosi.

Mkwe wangu amekuja. Fundi wa magari, mikono haitakati hata kwa mafuta ya taa. Mtu wa maneno machache, nilipomwona mara ya kwanza nilimwambia Kitinda, mwanangu umeolewa na gogo. Leo ametoa damu yake chupa nzima awekewe mkewe, kisha akakaa miguuni pake, akamshika kidole gumba cha mguu, basi. Mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Lile neno la gogo nimelifuta moyoni.

Tarehe 18, Jumatatu. Mvua.

Amefunga. Safari hii umeme upo, daktari yupo, barabara inapitika. Nguo za upasuaji hazikukauka! Zimefuliwa, zimeanikwa koridoni, zinachuruzika. Mashine ya kukaushia ni mbovu. Mwanangu anakufa kwa sababu mashuka yana unyevu.

Redio akaniambia, "Shoga, mvua hii ikinyesha asubuhi, jua hakuna upasuaji. Mimi nimeshaacha kumfungisha wangu."

Nami naanza kuona hivyo.

Tarehe 20, Jumatano. Mvua.

Kiungulia kimempanda vibaya. Anakaa wima, anameza mate, anasema moto unatoka hapa unafika hapa. Na maumivu ya chini nayo. Sista amemdunga sindano ya maumivu. Bwana Usingizi amepita na maswali yake, akaongeza moja: "Sindano amepata saa ngapi?" Eti zile sindano zinalifanya tumbo kuwa zito, chakula kinakaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Akauliza tena, "Na kiungulia hakuna kabisa, Bibi? Mbona analala amekaa?"

"Anapenda kutazama dirishani."

Dirisha lenyewe lina pazia.

Tarehe 21, Alhamisi.

Naandika nikiwa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Kitinda, hili lisome lote, usiruke.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe. Nikajisemea: hakuna kitu leo. Ulikuwa umeshika kifua. Midomo imekauka, imepasuka. Nimeuza maziwa tangu sijaolewa, nimekulea kwa maziwa, ukiwa na kiungulia maziwa ndiyo yanayokizima, hilo halijawahi kunikosea. Ninayo kwenye chupa ya chai, ya moto. Nikamimina nusu kikombe.

Ukasema, "Mama, nimekatazwa."

"Umekatazwa kula. Hiki ni kinywaji."

"Amesema maji matupu."

"Nani aliyekunyonyesha, yeye au mimi? Kunywa. Kwa mvua hii hakuna anayepasuliwa."

Ukanywa. Ukafumba macho kwa utamu. Nikajiona nimemshinda yule bwana.

Halafu mvua ikakatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Nikasikia gari. Ukasema, "Mama, nimelowa." Nikafunua shuka. Damu ilikuwa imefika magotini, na mabonge yake. Nikapiga kelele. Wakaja mbio, sista, daktari wa upasuaji bado ana koti la mvua, Bwana Usingizi. "Huyu ndiye wa kwanza. Sasa hivi."

Bwana Usingizi akauliza, "Mara ya mwisho amekula lini?"

Ukanitazama. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama mchangani pale, ukingoja mwanafunzi ajibu mwenyewe.

Nikasema, "Jana jioni."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Niliogopa aseme basi, asubiri tena Jumatatu, na Jumatatu usingekuwepo.

Wakakusukuma. Nikabaki na kikombe. Nikaenda nacho kwenye karo la nyuma, wanapooshea vyombo ndugu wa wagonjwa. Redio alikuwa anasugua sufuria lake kwa maji ya ndimu, akanisogezea beseni. Nikatumbukiza kikombe. Yale maziwa yaliyobaki chini yakakatika hapo hapo. Yakawa vipande vipande, vyeupe.

Maisha yangu yote naona maziwa yakikutana na ukali yanavyoganda. Nimewafukuza wateja wenye vyombo vyenye ndimu. Na sikuwaza. Mimi, muuza maziwa, sikuwaza kuwa sikukupa kinywaji. Nimekupa mabonge. Na ule mlango atakaoulegeza Bwana Usingizi ulikuwa mbovu tangu zamani, mimi ndiye niliyeficha.

Nikaacha kikombe kwenye maji. Nikakimbia. Goti langu unalijua, leo halikuuma. Pana mstari mwekundu sakafuni, hauvukwi na viatu vya nje. Nikauvuka na matope yangu yote, nikaupiga mlango kwa viganja. Mtu akasema Bibi huruhusiwi. Nikasema, "Mwite Bwana Usingizi! Mwite kabla hajampa dawa!"

Akatoka, amefunika mdomo, ameshika bomba la sindano mkononi, limejaa.

"Amekunywa maziwa," nikasema. "Alfajiri. Nimempa mimi. Na kiungulia anacho, cha miaka. Nimekudanganya kila siku."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane. Akauliza tu: "Kiasi gani?"

"Nusu kikombe."

"Kitu kingine?"

"Hakuna. Naapa."

Nikamwambia basi msimpasue, msubiri. Akatikisa kichwa. "Hawezi kusubiri, Bibi. Damu inamwisha. Ningemchoma sindano ya mgongo akabaki macho, lakini kwa damu aliyopoteza itamwangushia presha. Lazima alale. Ila nilikuwa nimlaze kwa njia ya kawaida, taratibu. Sasa nitabadilisha. Nitamwinua kichwa, mashine ya kunyonya itakaa karibu na mdomo, mtu atambonyeza hapa kooni, nitampa dawa ya haraka na kupitisha mpira wa hewa kabla tumbo halijapata nafasi. Umefanya vizuri kuja."

"Nimefanya vibaya sana."

"Na hilo pia," akasema, mlango ukafungwa.

Basi nimekaa hapa. Wamenipa kigoda. Mkwe amefika, ameniuliza, "Mama, nini kimetokea?" Nikamweleza yote, bila kupaka mafuta. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kusimama upande wa pili wa koridoni, ananipa mgongo. Ana haki. Mvua imeanza tena.

Baadaye.

Uvimbe umetoka. Uko hai.

Bwana Usingizi ametoka amelowa jasho. Akachuchumaa mbele ya kigoda changu, mtu mzima na digrii zake. "Yalipanda, Bibi. Nilipompa dawa tu, yakaja. Yameganda. Nilikuwa nayasubiri, nikayanyonya, mpira ukaingia. Lakini kidogo huenda kimepenya. Hatujui. Siku hizi mbili tatu zitatuambia."

"Ningenyamaza je?"

Akatazama viatu vyake vya mpira. "Usiniulize hilo leo."

Tarehe 22, Ijumaa. Mvua.

Amewekwa chumba cha peke yake, mpira mdomoni, mashine inampumulia. Imekuwa zamu ya mashine kumlisha mwanangu, inamlisha hewa. Nimeruhusiwa kugusa mguu. Nimeshika kidole gumba, kile alichokishika mumewe.

Tarehe 23, Jumamosi. Mvua.

Homa. Wanasema pafu la kulia linanguruma. La kulia ndilo linalopokea, kwa sababu njia yake imenyooka. Sikutaka kulijua hilo.

Sikuweza kula. Redio ameniletea mkate, akaukata, akanitia mdomoni kama ndege. Kwa mara ya kwanza hakusema neno.

Tarehe 24, Jumapili.

Homa. Mungu, nakuomba sana, chukua maziwa yote niliyouza na sifa zote nilizosifiwa, niachie huyu.

Tarehe 25, Jumatatu. Mvua.

Nimemwomba Mkwe msamaha. Alikuwa amekaa benchi, anakuna mafuta meusi kwenye kucha. Nikasema, "Mwanangu, nimekuumiza."

Akaendelea kukuna kucha. Nikaona nimerudi kwa gogo.

Halafu akasema, "Mama, Jumapili ile nilimletea ndizi. Alikuwa amefunga kwa ajili ya Jumatatu, usiku wa manane umeshapita, mlinzi hayupo, wewe umelala. Akazikataa. Nikamlazimisha amege kipande, akamega, nikasikia raha. Kumbe na mimi." Akafuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ni michafu. "Tungemuua kwa mapenzi, Mama. Mimi na wewe, kwa zamu."

Tukakaa. Bega lake limegusa bega langu, na hakulitoa.

Tarehe 26, Jumanne.

Bwana Usingizi si wa chumba hiki, kazi yake iliisha alipomtoa mezani. Lakini kila asubuhi anapita, anasikiliza kifua. Leo nimemuuliza kwa nini. Akasema, "Niliyemlaza mimi, sipendi aamshwe na mtu mwingine."

Na mimi nilikuwa namwona adui wa tumbo la mwanangu! Nimemwambia akioa aniite nikapike. Akasema ana mke na watoto wanne. Nikasema basi nitapika bila sababu.

Tarehe 27, Jumatano. Manyunyu.

Homa imeshuka. Sithubutu kuandika zaidi, isije ikasikia.

Nilipita wodini kuchukua mkeka. Mkamwana wa Redio ni wa kesho, na Redio ana kikombe mkononi. Nikamuuliza, "Nini hicho?"

"Chai tu ya kumpasha mwili usiku. Ina maziwa kidogo."

Nilikipokea kikombe nikakinywa chote mimi, chai ya moto, ulimi ukaungua. "Kuanzia usiku wa manane, maji matupu," nikamwambia. "Na jioni akiulizwa kama ana kiungulia?"

"Shoga, anacho, lakini si nilikwambia..."

"Atasema anacho. Asiposema yeye nitasema mimi, na sauti yangu unaijua."

Ameguna. Ila jioni walipoulizwa, nimemsikia kutoka kwenye ngazi: "Anacho, dokta, anacho kweli kweli, usiku anapiga mbweu kama baharia!" Wala hawakumwondolea zamu. Bwana Usingizi alimpa dawa ya kupunguza ukali wa tumbo, akamwandikia namna ya kulazwa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hata yule aliyerudishwa nyumbani, sista ameniambia, alirudishwa kwa presha.

Tarehe 29, Ijumaa. Jua.

Jana walipunguza dawa ya kumlaza, leo wametoa mpira. Wakatuita. Mkwe amesimama mlangoni hawezi kuingia, nikamvuta kwa mkanda wa suruali.

Amefungua macho. Ametazama dari, akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Sauti imekwaruzwa na ule mpira, kama mtu anaburuta kiti.

"Uliandika?"

"Niliandika. Yote. Na yale mabaya."

Akafumba macho, akapumua. Kifua kinanguruma bado, lakini kinapumua chenyewe, nilikihesabia kwa mkono. Nikadhani amelala. Akasema, bila kufumbua macho:

"Mama. Nina njaa."

Chupa ya uji ilikuwa kwenye kapu langu, nimeibeba kila siku, kila siku naumwaga, naupika upya. Vuguvugu, laini, sukari kidogo anavyopenda. Kikombe kiko juu ya kabati. Maisha yangu yote sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kumlisha mwanangu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifuniko. Nikautoa.

"Subiri," nikamwambia, nikainuka na goti langu. "Nikaulize kwanza."